Re: McAuliffe mtu wa mizinga alifikaje kuongoza Bastogne?
Mkuu, huyu McAuliffe, jenerali wa Marekani, alitoka West Point, chuo cha kijeshi cha kwao, 1918 akaingia mizinga, na miaka mingi ya amani alikuwa huko huko. Vita ilipokuja akapewa mizinga ya Divisheni ya 101, ya askari wa miamvuli, akaruka nao Normandy, kule Ufaransa. Sasa Desemba 1944 bosi wake Taylor, mkuu wa divisheni, alikuwa Marekani, ndo zigo la kuiongoza likamwangukia yeye, wamezungukwa pale Bastogne, mji wa Ubelgiji, theluji kila mahali, makombora yanatumika kwa kuhesabu, Wajerumani wanaleta barua wasalimu amri, jibu likapigwa taipu neno moja tu, "NUTS!" Wajerumani hawakuelewa, ikabidi afisa aliyelipeleka awaambie maana yake nendeni kuzimu! Baadaye akapewa divisheni yake mwenyewe, ya 103. Namkubali sana huyu mzee.