Re: Video na kava la albamu kwa project ya chuo, tufuate kanuni au tuzivunje?

Mkuu umeuliza kama video yenu ya hip hop isipoonyesha sura ya msanii kabisa mtakatwa maksi. Mi naona hapana, ila lazima ionekane mmekusudia, sio kwamba mlikosa mtu wa kusimama mbele ya kamera. Kanuni nyingi hizi za video za muziki ni biashara tu, lebo (kampuni inayotoa muziki wa msanii) inataka sura ya msanii ikae kichwani mwa watu ndo maana klozapu za uso, yaani picha za karibu, haziishi, kwa hiyo mkiificha wapeni watu kitu kingine cha kumtambulia, mfano koti moja jekundu, lipo kwenye video alafu lilelile ndo linakaa mbele ya kava. Beatles, ile bendi ya Uingereza, mwaka 1968 walitoa albamu yenye kava jeupe tupu, jina limegandamizwa tu bila wino, lakini wale dunia nzima ilikuwa inawajua, sasa nyie msanii wenu hata jirani hamjui, mkiacha kava tupu hivyo mtajitafutia shida bure. Nyuma ya kava msicheze sana, wekeni orodha ya nyimbo, bakodi, haki miliki, na jina la mgongoni, ule ukingo mwembamba wa kava, lisomeke. Fonti iwe ileile ya kwenye video aisee, wengi wanaharibu hapo.