Alfa ya 0.85 haitoshi kuthibitisha dodoso la dalili

Ndugu, umeuliza kama dodoso la ESAS (mgonjwa hupima kila dalili kuanzia 0, haipo, hadi 10, mbaya kabisa) mlilotafsiri kwa Kiswahili liko tayari, maana alfa ya Cronbach kwa wagonjwa 30 wa saratani imefika 0.85. Bado. Alfa inaonyesha tu kwamba majibu yanakwenda pamoja; haisemi kama mgonjwa ameelewa alichoulizwa.

Rudini kwa wagonjwa wachache, mmoja mmoja, wakiwemo wasiojua kusoma. Akijibu "uchovu 6", muulize: umefikiria nini, na kwa nini si 3? Hapo ndipo mtamgundua anayechanganya uchovu na usingizi, au anayedhani 10 ni nafuu kabisa, kwa kuwa shuleni alama kubwa ndiyo nzuri. Tafadhali msiiharakishe hatua hii.

Kisha tafuteni wagonjwa 100 au zaidi. Kipimo cha marudio, yaani wagonjwa walewale kujibu tena, kifanyike ndani ya siku moja au mbili, kabla dawa hazijabadilishwa. Mkingoja wiki mbili, dalili zenyewe zitakuwa zimebadilika na mtalilaumu dodoso bure. ICC, yaani kiwango cha kulingana kwa majibu ya mara ya kwanza na ya pili, iwe 0.70 kwenda juu, kwa kila dalili. Linganisheni pia na daraja la ECOG (la uwezo wa mgonjwa kufanya shughuli zake; likiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi): wenye 3 wanatarajiwa kuwa na alama kubwa kuliko wenye 1.