Kajaza sufuri tupu, na usingizi hana

SUALI: Assalaam alaykum, Daktari. Bwana wangu ni mwanajeshi, na mwaka jana alirudi kutoka Kongo kwenye ulinzi wa amani. Alipewa dodoso la masuali 20 kuhusu kiwewe cha vita, akajaza sufuri mwanzo hadi mwisho, akaambiwa yuko salama. Lakini usiku nazi ikianguka juu ya bati huinuka, akakagua komeo za milango yote, kisha hukaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Dodoso lile ni la kuaminiwa? – Mama Watoto, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwa unavyolieleza, linafanana na PCL-5, lililotolewa Marekani mwaka 2013, ambalo humuuliza mtu ni kwa kiasi gani kila dalili imemsumbua mwezi uliopita, naye hujipa alama kuanzia 0 hadi 4. Jumla ya juu ni 80, na anayefikia 31 au 33 hivi hutakiwa achunguzwe zaidi. Ni chombo kizuri, ila hupima kile tu ambacho mjazaji amekubali kukiandika.

Askari anayejua kuwa jina lake liko juu ya karatasi huogopa isije ikamfikia mkubwa wake, akanyimwa silaha au safari nyengine. Hata kwa wanajeshi wa Marekani imeonekana kwamba wasiotaja majina hukiri mengi zaidi. Tena lugha ina sehemu yake, na hili naona halizingatiwi vya kutosha. Mtu akiulizwa kama ana “tahadhari iliyopita kiasi” atajibu hapana kwa moyo safi, kwa sababu kwake yeye kukagua komeo ni kulinda watoto wake, si maradhi. Pia dalili huweza kujitokeza baada ya miezi, ndiyo maana jeshi la Marekani huwauliza tena askari wake kati ya miezi mitatu na sita tangu warudi.

Kwa hivyo usigombane naye kwa zile sufuri, wala usimjazie dodoso jengine. Andika unayoyaona, usiku gani na mara ngapi, kisha umuombe mfuatane kwa daktari wa afya ya akili, hapo Pemba au Kidongo Chekundu, Unguja, kwani maradhi haya huthibitishwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Akitamka habari ya kujidhuru, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.