Usisome rangi ya mto, tafuta kilichoishusha: kwa wanaoanza kazi ya usimamizi wa maji Ulaya

Ramani ya hali ya mito ya Umoja wa Ulaya ina rangi tano: buluu kwa hali bora kabisa, kijani kwa nzuri, njano kwa wastani, chungwa kwa hafifu na nyekundu kwa mbaya. Anayeanza fani hii, awe mwanafunzi wa shahada ya uzamili au mtaalamu aliyeajiriwa juzi, hukimbilia kuandika kwamba ni asilimia 37 tu ya maji ya juu ya ardhi yenye hali nzuri ya ikolojia au zaidi. Takwimu hiyo ni sahihi, imo katika ripoti ya Shirika la Mazingira la Ulaya ya mwaka 2024. Ila haikuambii uanzie wapi.

Rangi hupatikana hivi. Kila kipande cha mto, ziwa au pwani kinapimwa kwa vigezo kadhaa: wanyama wadogo wa chini ya maji, samaki, mimea na mwani, virutubisho, oksijeni. Kigezo kilichofanya vibaya kuliko vingine ndicho kinachotoa daraja la kipande kizima. Mto unaweza kuwa na maji safi na wadudu wengi, lakini kwa kuwa kuna ukuta wa kinu cha zamani unaozuia samaki kupanda, ukapewa chungwa. Mto wa jirani unapewa chungwa ileile kwa mwani uliovurugwa na fosforasi ya majitaka. Wa kwanza unahitaji ngazi ya samaki au kubomolewa kwa ukuta, wa pili unahitaji mtambo wa majitaka uboreshwe. Ukipeleka fedha kwa kufuata rangi, utajenga mtambo pale palipohitaji nyundo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta namba ya kipande chako cha maji. Kila kimoja kina namba yake, na kwa namba hiyo utaona daraja la kila kigezo katika mpango wa bonde, yaani mpango wa kusimamia maji ya bonde zima la mto, na viambatisho vyake. Wasomaji wa Tanzania wanaozijua bodi za maji za mabonde tisa hawatapata shida na wazo la kusimamia maji kwa bonde badala ya mkoa. Tofauti ni kwamba huku bonde moja hukatwa vipande mamia au hata maelfu, na sheria inahesabu kila kipande peke yake.

Sheria yenyewe ni Agizo la Mfumo wa Maji, namba 2000/60/EC, la tarehe 23 Oktoba 2000. Agizo si sawa na kanuni ya Umoja. Kanuni inatumika moja kwa moja kila nchi mwanachama. Agizo linaifunga nchi kwa matokeo na kuiachia njia, hivyo lazima liingizwe katika sheria ya nchi. Ukifanya kazi Ujerumani, aya utakayoinukuu mbele ya ofisi ya mkoa ni ya sheria ya maji ya Ujerumani, na agizo unalitumia kuifasiri. Waraka wenye vifungu vya agizo peke yake utapokelewa kwa heshima na kuwekwa kando. Na nyaraka zenye maelezo ya kina huwa katika lugha ya nchi, si Kiingereza. Jifunze mapema maneno hamsini hivi ya fani katika lugha hiyo.

Soma Kifungu cha 4 kabla ya vingine vyote, na ukisome mara mbili. Lengo lilikuwa hali nzuri ifikapo 2015. Kifungu cha 4(4) kinaruhusu kuongeza muda kwa mizunguko miwili ya mipango ya mabonde, kila mmoja miaka sita, yaani hadi 2027; baada ya hapo sababu pekee inayobaki ni hali ya asili, mfano maji ya chini ya ardhi yanayochukua miongo kujisafisha hata chanzo cha uchafu kikiwa kimeshafungwa. Kifungu cha 4(5) kinaruhusu lengo la chini zaidi. Kifungu cha 4(7) ndicho cha miradi mipya inayobadilisha umbo la maji, kama mabwawa na uchimbaji wa njia za meli. Wengi huvichanganya vifungu hivi. Kukosa fedha kunaweza kujengewa hoja katika 4(4), kwa sababu gharama kupita kiasi inatajwa humo, lakini hakukupi kibali cha kushusha hali ya mto.

Hapo kwenye kushusha ndipo miradi mingi inapokwama. Tarehe 1 Julai 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mto Weser wa Ujerumani, namba C-461/13, iliyohusu kuchimba mto huo uwe na kina zaidi kwa ajili ya meli. Mahakama ilisema hali imeshuka pale kigezo kimoja tu kinaposhuka daraja moja, hata kama rangi ya jumla haijabadilika. Na kama kigezo kiko tayari katika daraja la chini kabisa, kuzorota kokote kunahesabika. Ndiyo maana tathmini inayosema "kipande hiki ni njano na kitabaki njano" haifai kitu. Tengeneza jedwali: safu moja kwa kila kigezo, daraja la sasa, umbali wake kutoka mpaka wa daraja la chini, na athari inayotarajiwa. Kigezo kilicho karibu na mpaka ndicho cha kuandikia kurasa nyingi.

Ukikuta athari, Kifungu cha 4(7) hakikufungii mlango, lakini masharti yake yanakwenda kwa pamoja: hatua zote zinazowezekana za kupunguza madhara zimechukuliwa, sababu zimeelezwa katika mpango wa bonde, mradi una maslahi makubwa ya umma au faida inayozidi hasara, na hakuna njia mbadala iliyo bora kimazingira inayotekelezeka kwa gharama inayokubalika. Sharti la mwisho ndilo huandikwa kwa uvivu. Kutaja mbadala mbili ambazo kila mtu anajua hazifai hakumridhishi msomaji yeyote aliye makini.

Hali ya kemikali ina ramani yake yenye rangi mbili tu, buluu kwa nzuri na nyekundu kwa isiyo nzuri, na inatisha bure. Sweden na Ujerumani zote ni nyekundu. Chanzo kikuu ni zebaki iliyosambaa kwa njia ya hewa, hasa kutokana na kuchoma makaa ya mawe; kikomo cha zebaki ni mikrogramu 20 kwa kilo ya samaki mbichi. Omba ramani isiyohesabu zebaki na kemikali nyingine zilizoenea kila mahali. Nchi nyingi zinayo. Hapo ndipo utaona kiwanda au shamba lenye tatizo lake.

Kuhusu nitrati, kuna mtego wa vizio unaowanasa hata wenye uzoefu. Kikomo cha maji ya chini ya ardhi ni miligramu 50 kwa lita, ikipimwa kama nitrati. Maabara nyingine hutoa jibu kama nitrojeni ya nitrati, na hapo kikomo kilekile ni takriban 11.3. Ukisoma 14 kwenye karatasi ya aina hiyo ukafurahi, umekosea: kisima kimevuka. Usiuchanganye pia mstari huo na kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, ambazo ni za Agizo la Nitrati la 1991 na zinamhusu mkulima.

Angalia na tarehe za sampuli. Nitrati ya mashambani kwa kawaida hupanda majira ya baridi, mvua inapoiosha ardhi. Fosforasi ya mitambo ya majitaka hupanda kiangazi, mto unapopungua. Agizo linataka vipimo hivi kila miezi mitatu kwa uchache. Sampuli nne kwa mwaka ni chache mno kwa mto mdogo, na mafuriko ya siku mbili yanaweza kupita katikati bila kuonekana.

Ukipelekwa uwandani, mara nyingi utaanza na wanyama wadogo wa chini ya maji. Njia inayotumika Ujerumani na Austria ina vipimo 20, kila kimoja sentimita 25 kwa 25, jumla mita ya mraba 1.25, kwa wavu wa matundu ya mikromita 500. Kwanza tembea kando ya mto ukadirie makazi. Kila asilimia 5 ya eneo inapewa kipimo kimoja: mawe yakiwa asilimia 50 yanapata vipimo 10, mchanga 25 unapata 5, majani yaliyooza 15 yanapata 3, mizizi 10 inapata 2. Anza sehemu ya chini ya mto, kisha usogee kuelekea mto unakotoka, la sivyo tope unalolitibua litaingia kwenye kipimo kinachofuata. Wageni hupenda mawe kwa sababu yana wanyama wengi, wakaukwepa mchanga. Matokeo yake mto unaonekana bora kuliko ulivyo. Usichukue sampuli mara baada ya mafuriko, kwa kuwa wanyama wamesombwa. Lebo iwe ndani ya chupa, kwenye karatasi, kwa penseli: ethanoli inafuta wino.

Matokeo hugawanywa kwa thamani ya mto wa aina hiyohiyo usioharibiwa. Tuseme umepata 18 na mto wa rejea una 24: uwiano ni 0.75. Namba hiyo peke yake haina daraja hadi uangalie mipaka ya aina ya mto na ya nchi husika. Kijito cha milimani Austria na mto wa tambarare Uholanzi havilinganishwi kwa alama ghafi. Kilicholinganishwa kati ya nchi na nchi ni mipaka ya madaraja.

Mwisho, kalenda. Rasimu ya mpango wa bonde hutangazwa angalau mwaka mmoja kabla ya mpango kuanza, na umma hupewa si chini ya miezi sita ya kutoa maoni kwa maandishi. Mzunguko wa sasa unakwisha 2027, hivyo rasimu za mzunguko unaofuata ni za kutangazwa kufikia mwisho wa 2026. Maoni ya jumla kuhusu umuhimu wa maji hujibiwa kwa sentensi moja ya shukrani. Andika namba ya kipande, ukurasa, kigezo, takwimu unayoipinga na hatua unayoitaka. Barua ya kurasa mbili ya namna hiyo inamlazimu ofisa kuitafuta data na kukujibu.