Kabla hujampa mgonjwa wa kiharusi chai

Siku ya tatu baada ya mama kurudi nyumbani, hapa Rau, Moshi, nilimnywesha chai akiwa amelala, mto mmoja tu kichwani. Alipaliwa kidogo, akatulia, nikaendelea. Wiki haikuisha tukawa wodini tena: nimonia. Kumbe chai ilikuwa inapita njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu. Mkono na mguu wa kulia vilivyopooza tuliviona wote. Koo nalo lilikuwa limelegea, na hilo hakuna aliyetuambia siku ya ruhusa.

Wewe unayesubiri mgonjwa wako aruhusiwe, usitoke wodini kabla nesi hajakuona ukimlisha kwa mikono yako mwenyewe. Ukiambiwa ana kazi nyingi, subiri.

Maji na chai ndivyo vya kuogopa zaidi, kwa sababu hukimbia kooni kabla misuli iliyolegea haijaziba njia ya hewa. Kitu kizito kidogo hushuka taratibu. Sisi wa Kilimanjaro tuna mtori. Nilizisaga ndizi mshare mpaka zikalainika kabisa, nyama nikaitoa nikabakiza supu yake. Ila uzito unaomfaa wako aupime mtaalamu. Wapo wasioweza hata huo, nao hulishwa kwa mpira wa puani kwa muda.

Mkalishe wima, kichwa kisiegemee nyuma. Tumia kijiko cha chai, weka upande wa mdomo usiopooza, ameze ndipo uongeze. Bakuli moja lilinichukua dakika 40, na sikuwahi kujuta muda huo. Akimaliza, chungulia shavu lililopooza, chakula hubaki humo. Msafishe kinywa, kisha abaki amekaa angalau dakika 30. Akiongea sauti ikasikika kama ina maji, acha kumlisha hata kama hajakohoa. Wengine hupaliwa kimyakimya.

Kuhusu vidonda vya kulala: tulimgeuza kila baada ya saa 2, usiku kwa zamu na kaka zangu. Vitabu husema utaona wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Pitisha mkono kiunoni chini, kwenye nyonga na visigino, utafute joto, ugumu au sehemu iliyozidi weusi. Ukiikuta usiisugue, mlaze upande mwingine. Visigino tuliviacha vikining'inia, mto ukiwa chini ya vigimbi vya miguu.

Na tafadhali, msimvute kwa mkono uliopooza mnapomwinua. Sisi tulimvuta, bega likamuuma miezi. Dawa za presha nazo haziachwi kwa sababu anaonekana ana nafuu.

Jambo lililoniumiza kuliko yote ni wageni. Mama alipoteza maneno, akili hakupoteza. Watu walikaa kitandani pake wakamzungumzia kama hayupo, wengine wakapaza sauti kana kwamba ni kiziwi. Nilijifunza kumuuliza maswali ya ndiyo au hapana, kisha nikae kimya mpaka ajibu, hata ikichukua dakika nzima.

Juzi mama mdogo alishuka kutoka Kibosho, akaniuliza mimi kama dada yake ana njaa. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mama." Akamuuliza. Mama alimtazama, akainua mkono wa kushoto taratibu, akaonyesha sufuria.