Re: Nilipie meza kwenye kongamano la Kisumu?

Dada, umeuliza kama utoe shilingi 40,000 za meza kwa sababu waandaaji wanadai mwaka jana walikuja watu 6,000. Usitume pesa bado.

Hao 6,000 ni akina nani? Kujiandikisha si kufika. Halafu kuna mchezo wa siku: mtu akiingia siku zote tatu anahesabiwa mara tatu, kwa hiyo 6,000 yaweza kuwa watu 2,000 tu. Na humo wamo wenye meza, wasaidizi wao, walinzi, hata wanafunzi walioletwa kwa basi. Mimi niliwahi kulipia meza Nakuru nikaishia kubadilishana kadi na wauzaji wenzangu. Mnunuzi nilipata mmoja, naye ni jirani yangu wa Njoro!

Waulize ni wangapi walipita mlangoni, kila mtu akihesabiwa mara moja, na nani alikagua hesabu hiyo. UFI, chama cha kimataifa cha maonyesho chenye makao Paris, hudai takwimu zikaguliwe kabla ya kuidhinisha onyesho, basi swali lako si la ajabu. Wakikasirika, umeshajibiwa. Watafute pia wawili watatu waliokuwa na meza mwaka jana, lakini uwatafute mwenyewe. Namba utakazopewa na mwandaaji ni za marafiki zake.

Ukiamua kwenda, gawana meza na mwenzako. Lipa kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya mtu, na masharti ya kurudishiwa pesa yawe kwa maandishi. Kama ni pesa ya mkopo, wakili asome mkataba kwanza.