Lambo linatoa mapovu: nilifukie?

SWALI: Nina lambo la mita 20 kwa 25 la kunyweshea ng'ombe na mbuzi. Kiangazi mapovu hupanda kutoka kwenye tope na maji hunuka mayai viza. Nimeambiwa ni gesi inayoongeza joto duniani. Nilifukie?
Mfugaji, Kongwa

JIBU: Usilifukie, ndugu yetu. Mapovu hayo kwa sehemu kubwa ni methani, ndiyo hiyo gesi uliyoambiwa, nayo haina harufu. Kinachonuka ni salfidi ya haidrojeni. Zote zinatoka kwenye tope lisilopata hewa, ambamo vijidudu huozesha samadi na majani. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, mwaka 2019 liliweka makadirio ya kilo 183 za methani kwa hekta kwa mwaka kwa mabwawa ya maji baridi. Lako ni hekta 0.05, yaani kama kilo 9. Ng'ombe mmoja kwa kucheua hutoa mara kadhaa ya hizo. Lakini samadi ikizidi majini, na gesi huzidi.

Kwa hiyo dawa ni kuwazuia mifugo wasiingie majini. Huko Australia, malambo yaliyozungushiwa uzio yalipatikana kutoa methani pungufu kwa asilimia 56 kuliko yale ambayo mifugo huyaingia.

Weka uzio mita 5 nje ya ukingo wa lambo lililojaa, nguzo kila mita 3. Seng'enge ya nyaya nne humzuia ng'ombe. Mbuzi atapenya, basi sehemu ya chini izibe kwa matawi ya miiba. Minyaa usipande hapo, hasa kama unawaza kufuga samaki: utomvu wake ni sumu kwao.

Birika la kunyweshea lijenge chini ya tuta, upande wa nje, maji yashuke yenyewe kwa bomba la inchi moja na nusu. Wengi hulaza mdomo wa bomba chini ya lambo, na ndani ya wiki chache tope limeshaziba. Ufunge kwenye dumu tupu la lita 20 linaloelea, uning'inie sentimita 40 chini ya uso wa maji, ukiwa na wavu. Bomba likipita juu ya tuta, lijaze maji kabisa kabla ya kufungua. Hewa ikibaki ndani, maji hayatoki.

Lambo likikauka, zoa tope ulitandaze shambani kwa unene wa sentimita 5. Usilirundike bichi: katikati ya rundo hakuna hewa, methani itaendelea kutengenezwa.

SWALI: Bwawa langu la perege nalitilia samadi ya kuku. Nitajuaje imezidi?
Mfugaji wa samaki, Kisii

JIBU: Zamisha mkono polepole ukitazama kiganja. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, na maji ni ya kijani, acha samadi hadi yapungue rangi. Mwani ukizidi hufa, huzama, huoza, na hewa ya maji huisha usiku. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, umechelewa: ingiza maji mapya mara moja na usiwalishe siku hiyo.